Ndege Weupe wa Bihogo

Bihogo alirudi asubuhi peke yake, tope mpaka magotini, na wale ndege wake weupe wawili wamekaa mgongoni kama wakubwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu kulipokucha. Nilimtazama yule ng'ombe, nikatazama nyuma yake, nikangoja mtu atokee na fimbo na koti jeusi, akohoe kama kawaida yake. Hakutokea mtu.

"We mbwa!" nilimwambia ng'ombe. "Umemwacha wapi?"

Bihogo akaingia kwenye maharagwe yangu, akaanza kula. Nilimpiga kibao cha pua, halafu nikamshika shingo nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeona lile tope. Lilikuwa jekundu. Tope la ziwa letu la Nakivale ni jeusi na linanuka mayai yaliyooza. Tope jekundu ni la njia ya Rugaaga, fasi kavu, mahali penye majani. Kwa hiyo mnyama alitoka Rugaaga, alilala Rugaaga, alishiba Rugaaga. Na mume wangu Nehemiya, aliyetoka jana yake mchana kumtafuta, watu walikuwa wamemwona akielekea ziwani.

Nawaambia mapema jinsi nilivyo: mimi Mukarukundo nina mdomo. Nehemiya alikuwa akisema Mungu alimpa mke na redio kwa mara moja, tena redio isiyokwisha betri. Asubuhi ile nilipita mlango kwa mlango pale Kashojwa, kambini kwetu, nikipiga kelele, na kila mtu aliniambia nitulie. Watu wanapenda sana kumwambia mwenzao atulie.

Aliyenipa habari ni Sidonie, jirani yangu, Mubembe wa Baraka, mwanamke aliyezaliwa kando ya ziwa Tanganyika. Sisi wa milimani alikuwa akitucheka siku zote. "Ninyi Banyamulenge," angesema, "ndege yote ya mayi munaita bata. Hata mungeona korongo, mungesema bata murefu." Asubuhi ile hakucheka.

"Mama Shimwa," aliniambia, "mimi nilimuona. Nilikuwa nachota mayi, jua linaenda kuzama. Alikuwa anasimama ku mafunjo, ananionesha na fimbo: 'Sidonie, unaona pale? Bihogo iko pale.' Nikaangalia, nikaona ndege tu, beupe, mingi. Nikamwambia, Baba Shimwa, kule ni mayi, banaume ba samaki ndio banaendaka kule, na mutumbwi! Akacheka. Akasema yangeyange haisimamake bure. Akaingia."

"Na wewe ukamwacha?"

"Ningefanya nini, mama? Mutu muzima. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Kama asingekuwa na mtoto mgongoni ningempiga. Nilimwambia neno "kufa" alimeze, alirudishe tumboni, asilitoe tena mbele yangu. Akaanza kulia yeye. Nikamwacha pale, kwa sababu mimi sikuwa na nafasi ya kulia na mtu.

Nilielewa papo hapo alichofanya mume wangu, na nilikasirika. Kwetu milimani, anayepoteza ng'ombe haulizi watu, anatazama mbali. Ng'ombe akitembea anafukuza panzi, yangeyange anafuata na kula. Penye weupe pana ng'ombe. Tangu enzi za babu ya babu yangu ni hivyo, na haijamdanganya mtu, kwa sababu kule juu hakuna ziwa. Nehemiya aliona weupe katikati ya mafunjo, akamwona Bihogo. Sisi ng'ombe zetu zote ziliisha Kongo, nyingine kwa risasi, nyingine njiani. Bihogo alikuwa wa kwanza Uganda, tumemngoja kwa miaka ya kulima mahindi na maharagwe, sisi ambao hatukuzaliwa wakulima. Kwa Bihogo, Nehemiya angeingia hata motoni. Maji aliyaona kitu kidogo.

Wanaume walikusanyika kwa Kalisa, kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa letu. Walianza kwa maombi. Kalisa akiomba anazunguka dunia nzima kabla hajafika kwenye shida yenyewe. Sikufumba macho. Nilitazama jua linavyopanda.

Baada ya amina, Kalisa akasema, "Tope ni la Rugaaga. Ng'ombe alikuwa Rugaaga. Nehemiya amefuata nyayo, akachelewa, akalala kwa watu. Tunakwenda Rugaaga."

"Shemeji," nikasema, "ng'ombe amesharudi! Mnamtafuta nani, ng'ombe? Mtu hakufuata nyayo. Alifuata ndege. Sidonie alimwona."

"Sidonie aliona mtu jua likizama. Nehemiya si mtoto, Mama Shimwa. Anajua ng'ombe haogelei."

"Anajua! Na mimi najua kwamba ukimwonesha yangeyange kumi anasahau hata jina la mama yake!"

Wengine wakacheka kidogo, wakajizuia. Kalisa akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu mwema, akaniambia nikae nyumbani, habari njema zinakuja. Wakaondoka wote na fimbo zao, upande wa Rugaaga, wanaume wenye nguvu, wenye macho. Niliwatazama mpaka wakaisha kwenye vumbi. Sijawahi kuhisi upweke kama ule, hata siku tuliyokimbia.

Simu ililia nikiwa njiani kwenda ziwani. Shimwa, binti yetu, alikuwa Mbarara akijifunza kushona. Watu walikuwa wameshampigia. Habari mbaya haina viatu lakini inakimbia.

"Mama, Baba amepatikana?"

"Bado."

"Alikuwa amevaa koti?"

Koti lile Shimwa ndiye aliyemnunulia, sokoni Mbarara, jeusi, zito, refu mpaka magotini. Nilikuwa nimemwuliza kama anataka kumpika baba yake akiwa mzima, katika jua hili la Isingiro. Nehemiya hakulivua tena. Alilivaa kanisani na shambani.

"Amelivaa," nikamwambia.

"Basi baridi haikumpata," akasema Shimwa, na nikasikia anavyojikaza asilie. "Natafuta gari, Mama. Nakuja."

Ufukweni palikuwa na mtumbwi mmoja tu nje ya maji, na mwenyewe, Tibesigwa, amekaa kando yake anashona wavu. Ni Munyankole, mvuvi tangu utoto, Kiswahili chake cha sokoni na cha askari. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza bila kuacha sindano.

"Nyabo," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita mama, "mimi nilipita huko asubuhi, natoa wavu. Hapana ona mutu. Niliona ndege tu."

"Nipeleke hata hivyo. Ssebo, bwana, nakuomba. Nitapiga magoti."

"Hapana piga magoti, hapa iko tope." Akaweka wavu chini. "Kale, haya. Ingia. Kaa katikati."

Mimi na maji hatujuani. Nilikaa katikati, mikono imeshika kingo, na Tibesigwa akasimama nyuma akisukuma kwa upondo. Tuliingia kwenye njia nyembamba kati ya mafunjo, marefu kuliko watu wawili. Upepo ulikuwa nyuma yetu. Nikafikiri, sauti yangu itamfikia, ya kwake haiwezi kurudi. Basi nikaanza.

"Baba Shimwa! Bihogo yuko nyumbani, mjinga wewe! Yuko anakula maharagwe yangu! Usilale! Nakuja!"

Tulipotokea fasi wazi, nikawaona. Weupe, wengi, wamesimama kimya.

"Wale pale! Nenda!"

Tibesigwa hakuharakisha. "Hii hapana ya ng'ombe," akasema. "Angalia mudomo. Nyeusi. Miguu nyeusi, vidole tu manjano. Ile ya ng'ombe iko na mudomo manjano, shingo fupi, nakula panzi. Hii nakula samaki." Akapima kiunoni mwake kwa mkono. "Pale chini ya mafunjo, maji nafika hapa, tena napita. Mafunjo naelea tu. Mutu naona kama ardhi, natembea, natembea, halafu napasuka."

Nilitazama ile midomo, myembamba, myeusi kama sindano ya kushonea magunia. Hata mimi ningeiona, kwa karibu. Lakini mtu aliye ufukweni, jua linazama mbele yake, anaona mdomo gani? Anaona weupe tu. Niliwachukia wale ndege, jinsi walivyokuwa safi.

"Jana jioni walikuwa wapi?" nikauliza. "Siyo sasa. Jana, jua likizama."

Akaonesha kwa kidevu. "Jioni ndege nakwenda ile upande, kwa mafunjo ya zamani. Nalala huko."

"Basi twende huko."

"Huko mbaya, nyabo."

"Ndiyo maana twende!"

Sasa sikilizeni nilivyoteswa. Kila nilichokiona siku ile kilikuwa ndege. Kwanza nilisikia sauti. "Haa! Haa-haa!" Sauti ya mtu aliyechoka, ya mwanaume. Nilisimama, mtumbwi ukayumba, Tibesigwa akanivuta gauni nikaanguka kitako. "Ni yeye! Umesikia?" nikapiga kelele.

"Ni kwarara," akasema. Na kweli, ndege watatu wa kahawia, midomo imepinda kama mundu, wakainuka wakapita juu yetu wakilia vilevile, haa, haa-haa. Mpaka leo sijui kama sauti zote nilizozisikia zilikuwa za kwarara.

Halafu nikaona kichwa. Cheusi, kinatoka majini mbali kidogo, kinageuka, kinazama. "Anazama! Ssebo, anazama!" Nilikuwa nimeshaweka mguu nje, mimi nisiyejua kuogelea hata kwenye karai.

"Mnandi," akasema Tibesigwa. "Nyabo, tulia, nitakufa na wewe hapa. Ni mnandi. Manyoya yake nakunywa maji, kwa hiyo mwili nakaa chini, shingo tu inaonekana. Akimaliza kula anapanda juu, anafungua mabawa, anakausha. Ona ile pale."

Akanionesha. Juu ya mafunjo yaliyovunjika alikaa ndege mweusi, mabawa wazi pande zote mbili, kama nguo iliyoanikwa. Akatikisa mabawa, matone yakaruka.

Nikakaa. Nilianza kumchukia na Tibesigwa. Alikuwa anasema kweli, na kila alipotaja jina la ndege alikuwa ananiondolea mume wangu. Kwarara. Mnandi. Tulipita kandege kadogo kenye vidole virefu mno, kanatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama, na nikamwuliza Mungu kwa sauti, "Haka umekapa miguu hii, na Nehemiya wangu je?" Tibesigwa aliendelea kusukuma.

Jua lilikuwa limefika utosini tulipoona bata. Walikuwa kundi zima, wale wanaopiga mluzi, nyuso zao nyeupe. Walizunguka juu ya fasi moja, mbele, ndani ya mafunjo ya zamani. Wakashuka kama wanataka kutua, wakapanda tena. Wakazunguka, wakashuka, wakapanda.

Tibesigwa aliacha kusukuma. Kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika.

"Nyabo," akasema polepole, "ile bata nataka kulala pale. Nakataa. Iko kitu pale natikisika."

"Mtu?"

"Mamba hapana panda juu ya mafunjo ile. Kiboko tungesikia." Akatema mate majini. "Mimi nafikiri mutu."

Niliimba. Sioni haya kuwaambia. Niliimba wimbo wa kanisani kwa sauti yote, na Tibesigwa alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtumbwi ulikwama. Akashuka nusu mwili majini, akakata mafunjo kwa panga, akapanda, akasukuma. Mimi nikavuta mashina kwa mikono, viganja vikachanika, sikusikia maumivu. Juu yetu bata walikuwa wanazunguka na mluzi wao, na kila walipokataa kutua niliwabariki. "Asante," niliwaambia. "Asante, msitue. Baba Shimwa, watikise! Watikise hivyo hivyo! Tuko karibu!"

Mafunjo yalikuwa mengi mno. Tulikata, tukavuta, tukasogea kidogo, tukakwama tena.

Halafu bata wakashuka na hawakupanda. Mmoja, wawili, halafu wote. Mluzi ukanyamaza.

"Msitue!" nikapiga kelele. "Inukeni! Inukeni, wanaharamu!" Nilipiga maji kwa mikono, nilipiga ubao wa mtumbwi, nilichukua kopo la kutolea maji nikalirusha hewani kule walikokuwa. Wachache wakaruka, wakaketi tena. Tibesigwa alikuwa anakata bila kunitazama.

"Amechoka," nikamwambia. "Amepumzika tu. Mtu anaweza kupumzika."

"Ndiyo, nyabo," akasema.

Tukapasua pazia la mwisho la mafunjo, tukaona nafasi. Mbele yetu, juu ya rundo la mafunjo makavu, kulikuwa na kitu cheusi, wazi pande mbili.

"Mnandi," Tibesigwa alisema, kwa mazoea tu, akitafuta kwa macho kando na kando.

Nami nilikubali. Alikuwa amenifundisha asubuhi nzima, nikawa mwanafunzi mzuri. Mnandi, nikasema moyoni, anakausha mabawa. Nikatazama fasi nyingine. Bata walituona wakaruka wote pamoja kwa kelele. Yungiyungi zikatikisika. Kila chenye bawa pale kikaondoka.

Yule mweusi hakuondoka.

Upondo ulisimama mikononi mwa Tibesigwa. Aliona kabla yangu. Nilisikia pumzi yake imekatika, ndipo nikageuka, nikaona kola. Nikaona vifungo. Ilikuwa fimbo ya Nehemiya, na fimbo nyingine ya funjo imefungwa kwa mkanda wake kukata ile ya kwanza kama msalaba, na koti la Shimwa limevishwa juu, mikono imenyooshwa, ili mtu aliye mbali aone.

Yeye mwenyewe alikuwa chini yake. Maji yalimfika kifuani, miguu imeshikwa na mizizi huko chini, mikono yote miwili imekumbatia ile fimbo, na shavu limelazwa juu ya mafunjo kama mtu aliyesinzia kanisani.

"Amka," nilimwambia. "Nehemiya, amka, tumefika. Usinichezee." Nilimpiga shavu. Nilimvuta nywele. Nikaingiza mkono kwapani, nikakuta joto. Joto, jamani! Nilimwambia Tibesigwa, ana joto, na Tibesigwa akaingia majini, akamweka sikio kifuani, akakaa hivyo kwa muda mrefu, maji yakimfika kidevuni. Alipoinua kichwa alisema, "Pole, nyabo."

Nililia kwa jina la baba yangu na la mama yangu. Nilimtukana Nehemiya, nikamtukana Kalisa na maombi yake, nikamtukana Bihogo na kila kitu cheupe alichoumba Mungu. Nilimwambia mume wangu, redio yako hii nani ataizima sasa. Tibesigwa alikata mizizi chini ya maji, taratibu, akamtoa, tukamlaza ndani ya mtumbwi. Nikavua koti kwenye fimbo, nikamfunika. Lilikuwa kavu kabisa kwa jua.

Tibesigwa alipanda, akashika upondo, hakusukuma. Tulikaa hivyo, na wale yangeyange wa samaki wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakasimama kando yetu.

"Ssebo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imekwisha, ilibaki kidogo tu. "Asubuhi ulisema ulipita huku. Ulisema uliona ndege tu."

"Ndiyo, nyabo."

"Huyu mweusi, ulimwona?"

Alitazama maji. "Nilimuona. Mbali."

"Alikuwa amesimama tu?"

Alifuta uso kwa mkono wenye tope, tope likabaki usoni.

"Hapana simama tu," akasema. "Ilikuwa natikisa mabawa."